Koki ya Mashoto

Bi Sindano alikuwa fundi wa kushona, lakini jina lile hakulipata kwa kazi peke yake. Alipokuwa akipinda nguo alizibana sindano mdomoni, tatu nne kwa mpigo, akawa anaongea kwa pembe moja ya midomo, na wateja wake walisema kwamba hata akizitoa zote maneno yake bado yanachoma. Aliishi chini, chumba na sebule, katika nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi ya saruji iliyoanzia mlangoni pake. Cherehani yake ilitazama dirisha. Juu aliishi shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja.

Meneja hakuwahi kuwa meneja wa kitu chochote. Miaka ishirini na mbili alitunza stoo ya vifaa vya ofisi, akigawa kalamu kana kwamba anazitoa mfukoni mwake, na alipostaafu alitoka na tai, kikohozi cha kutaka kusikilizwa, na tabia ya kutembea mikono nyuma akikagua. Alikagua kuta. Alikagua ngazi. Alikagua hata nguo ambazo Bi Sindano alizianika uani, akitikisa kichwa utadhani zimeanikwa kinyume cha taratibu za kazi.

Mume wa Bi Sindano waliyemzika mwaka uliotangulia aliitwa Mashoto, kwa kuwa kila alichofanya alikifanya kwa mkono wa kushoto. Alikuwa fundi bomba. Nyumba ile waliijenga ndugu wawili kwenye kiwanja cha baba yao, Meneja akileta maneno na Mashoto akileta mikono. Mabomba yote aliyafunga Mashoto, tangu mita ya nje mpaka bafu la juu, na aliyemshikia taa, akamkatia tepu nyeupe na kumpitishia spana alikuwa mke wake. Hati iliandikwa jina la Meneja kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Wakati ule hakuna aliyeona ubaya.

Chini ya ngazi kulikuwa na kikabati cha mbao, na ndani yake ndimo ilimokaa koki kubwa, ile inayoruhusu maji kupanda juu. Siku aliyoifunga, Mashoto alikuwa amelala ubavu mle ndani, shingo imekunjika, mkono wa kushoto umezunguka nyuma ya bomba kwa kuwa mbele hapakuwa na nafasi. Aliikaza, akapaka saruji, akatoka akijifuta jasho. Saruji ilipokauka ndipo mke wake alipomulika taa akauliza, "Mbona usukani wake umetazama ukutani?"

Mashoto akachungulia. Akachungulia tena. Koki ilikuwa imewapa mgongo. Ili kuishika ilibidi upitishe mkono nyuma, kusikoonekana, na kwa kuwa umesimama mgongoni pake kila kitu kinakuwa kinyume: ukizungusha kulia, maji yanafunguka, ukizungusha kushoto, yanafunga. Bi Sindano alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Nimeifunga kinyume," Mashoto akasema.

"Tuifungue uifunge upya?"

"Iache. Tunaoijua tuko wawili. Inatosha."

Kulikuwa na jambo la pili walilolijua wao wawili. Kule juu, chini ya sinki la bafuni, bomba lilipinda kona, na kipande cha kona alichokipata Mashoto siku hiyo hakikuwa saizi yake. Alikifunga hivyo hivyo kwa tepu nyingi, akakiegemeza kwa kigingi cha mti alichokichonga mwenyewe, na koki ya chini akaiacha nusu ili maji yasipande kwa nguvu. Alisema atabadilisha akipata kipande kinachofaa. Kabla hajakipata, ugonjwa ukamlaza, na ukamlaza moja kwa moja.

Wiki ile ile ya mazishi Meneja alianza kujikweza. Waliokuja kutoa pole aliwaambia kwamba nyumba aliijenga yeye, na kwamba marehemu, maskini, alikuwa mzibua vyoo tu aliyemwachia nafasi ya kukaa. Mzibua vyoo! Bi Sindano alilisikia neno hilo akiwa jikoni, ameshika birika la moto. Alilirudisha birika juu ya jiko akalitua polepole, maana angelibeba kwenda sebuleni lingemwagika mahali. Kutoka siku hiyo alimwekea shemeji yake kinyongo, akakitunza na kukilisha vizuri, na kikanenepa.

Hata hivyo alimwonya, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye walitokea watu wa kusema hakumwonya. Alimwonya mara tatu.

"Shemeji, kile kigingi cha bafuni usikiguse. Kinabeba kona ya bomba."

Mara ya kwanza Meneja alikohoa. Mara ya pili alisema atalifanyia kazi. Mara ya tatu alisimama katikati ya ngazi, akashika tai yake, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mke wa mzibua vyoo ananifundisha mimi nyumba yangu?" Watu waliokuwa wakipita wakacheka. Bi Sindano akarudi ndani akaweka sindano mdomoni, na onyo la nne hakulitoa.

Kisha likaja la kuja. Asubuhi moja Meneja alishuka, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shemeji, anza kufungasha. Nyumba inauzwa. Mteja anakuja Alhamisi."

"Inauzwa? Na mimi?"

"Wewe una ndugu zako."

Alikuwa na dada mmoja, aliyeishi na watoto sita katika vyumba viwili. Meneja alilijua hilo vizuri kabisa. Bi Sindano alitazama dirisha lake, cherehani yake, ukuta ambao mume wake aliupiga lipu kwa mkono wa kushoto mpaka mikwaruzo yake yote ikalalia upande mmoja. Hakuwa na hati, hakuwa na barua, hakuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu. Alichokuwa nacho ni hasira, na hasira haipelekwi ofisini ikagongwa muhuri.

Alhamisi asubuhi Meneja alisafisha. Alipiga deki ngazi, alining'iniza pazia jipya, na akiwa bafuni akaona kitu kibaya chini ya sinki, kijiti kilichochongwa ovyo, kinachomtia aibu mbele ya mteja. Akakichomoa akakitupa dirishani. Kilianguka uani, kando ya beseni ambamo Bi Sindano alikuwa akifua.

Alikitambua hata kabla hakijatulia. Alikiokota, akakifuta kwa upindo wa nguo, akaona alama za kisu za mume wake. Akaingia ndani. Akakiweka juu ya cherehani. Halafu akaivuta cherehani mpaka pembeni, mbali na mahali ambapo bafu la juu lilikuwa limekaa, akafunika vitambaa vya wateja kwa nailoni, akakunja mkeka, akakaa.

Mimi namtetea, lakini siwezi kusema hakujua. Alijua. Ila bomba hakuligusa, koki hakuigusa, wala hakumwombea mtu mabaya. Alinyamaza tu, na kunyamaza siku ile kulikuwa kutamu.

Saa nne mteja akafika. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alikuwa amefundisha nusu ya watu wazima wa mtaa ule. Meneja alimpokea kwa kuinama mara mbili. Walipofika mlangoni pa Bi Sindano, Mwalimu akasimama kusalimia.

"Huyu ni mpangaji," Meneja akasema. "Mwisho wa mwezi anahama."

"Karibu, Mwalimu," akasema Bi Sindano kwa pembe ya mdomo.

"Ahsante, mwanangu." Mwalimu akageuka. "Sasa sikiliza, Meneja. Rangi hainihusu, pazia halinihusu. Mimi nyumba naijua kwa mabomba yake. Haya aliyafunga nani?"

"Mimi."

"Uliita fundi?"

"Fundi wa nini, Mwalimu? Niliyafunga mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Hakuna bomba la nyumba hii nisilolijua."

Sindano ikamwingia Bi Sindano kwenye kidole. Alinyonya damu, akatazama dari, akangoja.

Alisikia nyayo zao zikipita sebule ya juu. Akasikia mlango wa bafu. Akamsikia Meneja akisifia sinki, na Mwalimu akisema, "Tuone maji." Halafu ukasikika mlio mmoja mkavu, kisha kelele ya maji yaliyopata njia, kisha Meneja akipiga ukelele ambao hakuna meneja anayestahili kuupiga.

"Funga maji!" Mwalimu alikuwa anasema. "Jamani, funga!"

Meneja alishuka ngazi mbili mbili, tai imerukia begani. Alifungua kikabati, akapiga magoti, akapapasa, akaupata usukani nyuma ya bomba, na kama mtu yeyote mwenye akili zake angefanya, akauzungusha kulia. Koki iliyokuwa nusu ikafunguka yote. Kule juu kelele ikageuka mngurumo.

"Yanaongezeka!" Mwalimu akaita kutoka juu.

"Nafunga!"

"Basi funga!"

Akazidi kuzungusha kulia, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alikuwa anafunga kwa nguvu zake zote, na kila alipofunga alifungua. Bi Sindano alimwona kupitia mlango wake ulio wazi, umbali wa hatua tano, matako juu, kichwa kabatini, na moyo wake ulifurahi. Sitapamba. Ulifurahi kama wa mtoto.

Meneja akakimbilia koki ya mita nje, lakini ile ilikwishaliwa na kutu siku nyingi, ikamwachia unga mwekundu mkononi isitikisike. Alirudi amelowa. Ngazi sasa ilikuwa inateremsha maji, ngazi ile ile aliyoipiga deki asubuhi. Mwalimu akashuka ameshika viatu vyake mkononi, na majirani watatu wakawa wamejaa mlangoni kutazama.

"Meneja," akasema Mwalimu, "si uliniambia mabomba uliyafunga wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi yafunge."

Mtu mmoja akacheka. Ndipo Meneja alipogeuka akamwona shemeji yake ameketi mbele ya cherehani, mguu unakanyaga, kitambaa kinapita, na maji yanadondoka kutoka darini juu ya nailoni. Mwanamke anayeshona wakati dari inavuja ana jambo analolijua. Hata Meneja aliliona hilo.

"Shemeji, unajua kuifunga?"

"Mimi?"

"Wewe! Ulikuwa unamshikia taa!"

"Nilikuwa namshikia nani taa, shemeji? Mabomba si uliyafunga peke yako?" Akakata uzi kwa meno. "Halafu mimi mpangaji tu. Mpangaji atajua wapi koki za mwenye nyumba?"

"Shemeji, nakuomba!"

Kipande cha lipu kikaanguka darini, pwaa, mahali pale pale ilipokuwa cherehani asubuhi. Bi Sindano hakushtuka. Lakini ndani yake kuna kitu kilishtuka, kwa sababu lipu ile ilikuwa ya mume wake. Mashoto angekuwepo angeinuka dakika ya kwanza. Alikuwa mtu wa kuacha chakula mezani aende kufunga bomba linalodondoka kwa jirani, tena jirani asiyemsalimia. Bi Sindano alilijua hilo, likamuuma, akaendelea kushona.

"Mwalimu yuko hapa," akasema. "Majirani wako hapa. Sema mabomba aliyafunga nani."

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ya Meneja, lakini kwa uso aliokuwa nao ungedhani yamemfika shingoni. Akamtazama Mwalimu. Akatazama ngazi.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Hatusikii, maji yanapiga kelele."

"Ndugu yangu! Mashoto!"

"Na nyumba?"

"Ya kwetu wote wawili! Yeye na mimi! Haya, funga sasa!"

Bi Sindano akavuta droo. Akatoa karatasi ya kukatia vielelezo vya nguo na kipande cha chaki ya fundi. Akabakiza karatasi tu. Chaki inafutika. Akamwomba Mwalimu kalamu, akampa mtu ambaye kwa miaka ishirini na mbili aliwanyima watu kalamu, na yeye akapiga goti moja kwenye maji, akaandikia juu ya cherehani. Aliandika kwamba nyumba ni ya ndugu wawili. Kwamba fungu la marehemu ni la mke wake. Kwamba haiuzwi bila yeye.

"Ongeza kitu kimoja," Bi Sindano akasema. "Pale uliposema marehemu. Andika alikuwa nani."

"Mashoto. Nimeandika."

"Alikuwa nani, shemeji? Kazi yake."

Meneja akamkazia macho, na alilielewa. Watu wote waliokuwepo waliona kwamba amelielewa. Kipande kingine cha lipu kikaanguka. Akainamisha kichwa akaandika, na Mwalimu, aliyekuwa anasoma juu ya bega lake, akasema, "Marehemu ina h. Na fundi haianzi na v." Akairekebisha. Fundi bomba. Akatia sahihi. Mwalimu akaweka yake chini, kama shahidi, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Bi Sindano akaikunja karatasi, akaiingiza kifuani, akainuka. Hakukimbia. Alivua ndala, akatembea kwenye maji mpaka kikabatini, akapiga magoti, akapitisha mkono wa kushoto nyuma ya bomba. Yeye si mtu wa mashoto, lakini mkono huo ulikuwa umefundishwa. Usukani ulikuwa baridi. Akauzungusha kushoto, mara nyingi, taratibu, na kelele ya juu ikapungua, ikawa mchirizi, ikawa matone, ikanyamaza.

Alimwona Meneja akiutazama mkono wake. Akaweka kifua chake kati ya macho ya Meneja na koki, ili asione usukani umegeuka wapi.

Mwalimu alivaa viatu vyake mlangoni. "Nilikuuliza swali moja tu, Meneja," akasema, "na ukalikosa." Kisha akamgeukia Bi Sindano. "Nyumba nzuri hii, mwanangu. Siku mwenyewe akitaka kuuza, aniite." Akaenda zake. Mpaka jioni habari ilikuwa imemaliza mtaa wote, na mteja mwingine hakuja.

Bi Sindano alihesabu hasara yake: robo ya dari, mkeka, na gauni moja la mteja lililochungulia nje ya nailoni likapata madoa. Gauni alilishona upya siku tatu mfululizo. Aliona ni bei ndogo, na mgongo ulipomuuma alikumbuka goti la Meneja kwenye maji, ukapona.

Baada ya hapo ukaanza utaratibu mpya. Kona ya bafuni ilikuwa inahitaji marekebisho ya mara kwa mara, na kila mara maji yalipotakiwa kufungwa au kufunguliwa Meneja alilazimika kushuka, kusimama mlangoni bila tai, na kusema, "Shemeji, naomba maji." Bi Sindano alikuwa anamaliza mshono kwanza. Ukiwa mrefu, anamaliza mrefu. Siku nyingine alikuwa anaufumua akauanza tena.

Mwezi wa tatu tangu siku ile Meneja akaleta fundi bomba, mtu mnene mwenye mfuko wa spana, aje abadilishe ile kona kabisa. Kabla ya kupanda juu fundi akafungua kikabati. Akacheka.

"Nani mjinga aliyeifunga hii koki? Imetazama ukutani! Ndiyo maana mnahangaika. Nipeni nusu saa tu, naigeuza, hata mtoto atajua kuifunga."

Bi Sindano alikuwa amekwishasimama, mkasi mkononi. Aliuona utawala wake wote unaondoka kwa nusu saa. Aliuona pia mkono wa mume wake, ulivyozunguka nyuma ya bomba siku ile, na hakujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomfanya ainue mkasi.

"Ukiigusa," akasema, "utatoka hapa unashona vidole."

Fundi akamtazama Meneja, maana ndiye aliyemwita. Neno moja tu la Meneja lingetosha. Angekuwa huru tangu siku hiyo, asingebisha tena hodi kwa mtu.

Meneja akakohoa. Alitazama kikabati, muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama koki.

"Iache," akasema. "Aliyeifunga alikuwa fundi."

Akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

Bi Sindano alibaki amesimama na mkasi wake. Shemeji yake huenda alisema vile kwa ajili ya ndugu yake. Huenda alisema kwa kumwogopa yeye. Alilipima neno lile jioni nzima, akikanyaga cherehani, kigingi cha mti kiko mbele yake juu ya meza, na mwisho akaamua kuamini ni woga. Kuamini lile jingine kungemlazimu kumsamehe, na hakuwa tayari.